Msanii Katukanwa Wiki Nzima kwa Gari Kugoma Kuwaka Canada, Promota Anapeta

Wiki hii yote mitandaoni stori imekuwa moja. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, yule mwenye sauti ya kubembeleza ambaye mwaka jana ngoma zake mbili zilipigwa kwenye kila bajaji ya mjini, kachelewa shoo yake Canada. Tiketi ziliandikwa saa 3 usiku. Yeye kapanda jukwaani saa 6 na dakika 40, kaimba nyimbo tano, ukumbi ukawashwa taa, watu wakaambiwa kwaherini. Mashabiki waliotoa dola 60 kila mmoja, wengine wakiwa wamesafiri masaa manne barabarani kwenye barafu, wakaondoka na povu ambalo mpaka leo halijakauka.

Matusi yaliyomwagwa kwenye kurasa zake hayaandikiki. Kaambiwa ana dharau, kaambiwa umaarufu umempanda kichwani, kuna aliyesema alikuwa amelala na demu hotelini. Alipojitetea kwamba gari iligoma kuwaka, ndiyo kabisa akawa kichekesho. "Msanii mzima gari inagoma? Kwani ulipanda Noah ya Mbagala?" Komenti hiyo peke yake ina likes kuliko wimbo wake mpya.

Sasa ukweli mchungu ni kwamba gari iligoma kweli, na yeye si wa kwanza kulaumiwa. Wa kwanza ni promota wake, ambaye mpaka sasa anapeta tu, kaposti tangazo la masikitiko lenye mistari mitatu na kuendelea na maisha. Na hata huyo promota, watu wachache waliomgusa wamemgusa kwa jambo dogo. Kuchelewesha shoo ni dogo. Lililotokea ndani ya ile nyumba saa 2 usiku ndilo lilipaswa kuwa stori ya wiki, na limepita kama meme.

Tuanze na gari. Kwa maelezo ya laivu mbili, moja ya msanii mwenyewe na nyingine ya dansa wake baada ya kurudi Dar, timu nzima ilifikia kwenye nyumba ya kupanga nje kidogo ya mji, kwenye zile nyanda za Canada ambako upepo hauna mlima wa kuuzuia. Msanii, madansa wanne, DJ mmoja. Usafiri wao ulikuwa vani ya familia ya viti saba, iliyoegeshwa nje tangu Alhamisi usiku. Shoo ilikuwa Jumamosi. Siku mbili gari imekaa kwenye theluji bila kuguswa, na Jumamosi jioni joto lilikuwa nyuzi 34 chini ya sifuri. Saa 1 dereva wa promota akaingia, akapiga stata. Tk, tk, tk. Taa za dashibodi zikafifia, kimya.

Uber waliita. Wa kwanza alikubali kisha akaghairi, wa pili hakutokea. Usiku kama ule, nje ya mji, kila mwenye gari inayowaka ana kwake pa kwenda.

Promota kwenye tangazo lake kasema ilikuwa "changamoto ya hali ya hewa iliyo nje ya uwezo wetu". Hapo ndipo pa kumshika. Winnipeg, Saskatoon, Edmonton, miji yote hiyo inaona -30 karibu kila mwaka, na asubuhi watu wanaenda kazini, watoto wanaenda shule, wauguzi wetu kibao waliotoka Nairobi na Mwanza wanawahi zamu ya saa 1. Magari yanawaka. Yanawaka kwa sababu mtu aliyahangaikia jana yake usiku.

Gari kwenye baridi ile inashindwa kwa mambo mawili yanayoipiga kwa wakati mmoja. La kwanza ni betri. Betri inatoa umeme kwa kemia, na kemia ikipoa inazubaa. Kwenye nyuzi -18 tu, betri nzima kabisa inaweza kuwa imebakiwa na nusu ya nguvu zake za kuzungusha injini au pungufu ya hapo. La pili ni oili. Ile oili inayotiririka kama chai ukiwa Tabata, kwenye -34 inakuwa kama asali iliyosahaulika kabatini. Kwa hiyo siku ambayo injini ni nzito kuzunguka kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo betri ina nguvu kidogo kuliko siku zote. Hakuna uchawi hapo.

Ndiyo maana betri za kule zinauzwa kwa namba inayoonyesha zitatoa ampea ngapi kwa sekunde 30 zikiwa kwenye -18. Mtu wa Kariakoo anauliza ukubwa wa betri na bei. Mtu wa Winnipeg anaangalia hiyo namba kwanza. Na ndiyo maana kwenye dumu la oili kuna maandishi kama 0W-30 au 5W-30. Hiyo W inahusu majira ya baridi: namba ya kabla yake ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi kwenye baridi kali zaidi. Mwenye 10W kwenye -34 anajitafutia maneno.

Halafu kuna waya. Hapa ndipo promota anakosa pa kujificha. Kwenye pua ya magari mengi ya kule, pale kwenye grili, kunaning'inia kichwa cha plagi. Wabongo wengi wakiona picha zake wanauliza kama ni gari ya umeme. Si ya umeme. Ni hita ya injini. Inachomekwa kwenye soketi ya nyumbani kama unavyochomeka birika, inapasha moto maji ya kupoozea injini, na injini asubuhi inaamka ikiwa na uvuguvugu. Nyingi zinakula kati ya wati 400 na 1,000, kiasi ambacho pasi ya umeme inaweza kukizidi. Ukiwa na saa ya kuiwasha yenyewe, masaa matatu au manne kabla ya safari yanatosha. Kitu chenyewe si cha jana: Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, alipewa hataza yake mwaka 1949. Kabla ya hapo kulikuwa na watu waliomwaga oili jioni, wakaiweka ndani karibu na jiko, na kuirudisha asubuhi ikiwa ya moto.

Miji hiyo ina soketi mpaka kwenye maegesho ya ofisi na ya hospitali. Ni mazoea ya kila mtu kiasi kwamba Januari 13, 2024, mkoa wa Alberta ulipokuwa kwenye baridi ya kutisha na gridi ya umeme ikaanza kuelemewa, serikali ilituma ujumbe wa dharura kwenye simu za watu: zimeni taa zisizo na kazi, ahirisheni kuchaji magari ya umeme na kuchomeka hita za injini. Ndani ya dakika chache matumizi yakashuka kwa karibu megawati 200. Mgao ukapita kando. Sisi tuliozoea TANESCO kukata bila hodi tunaweza kucheka, lakini stori ile inaonyesha kwamba kuchomeka gari kule ni jambo la kawaida kama kufunga mlango kabla ya kulala.

Sasa ile vani ilikuwa na plagi kwenye grili. Dansa kaionyesha kabisa kwenye video yake, akidhani ni waya umekatika. Soketi ya nje ilikuwa ukutani, hatua chache kutoka kwenye gari. Waya wa kurefusha, ule mnene wa kutumia nje, unauzwa kila duka la vifaa. Promota aliyekodi ukumbi, spika na taa za rangi hakununua waya. Utabiri wa hali ya hewa ulitangaza baridi ile siku kadhaa kabla. Nje ya uwezo gani?

Kuna waliosema, kwani wangekufa wakisukuma? Hili linafurahisha kwa sababu limetoka kwa watu waliokulia kwenye magari ya gia za mkono. Vani ile ni otomatiki, kama magari mengi ya Marekani na Canada. Otomatiki ya siku hizi ukiisukuma unapata jasho tu, na jasho kwenye -34 ni tatizo jingine.

Jirani Mzungu ndiye aliyewaokoa, akaja na pikapu yake na nyaya. Kwa taarifa ya wanaocheka Kiswahili cha mafundi, Wakanada nao wanaita "boost" kama mafundi wa Ilala wanavyosema kuboost. Mzee yule kwanza alimulika tochi kwenye betri kuona kama imevimba au imeganda. Watu wa kwetu hawana sababu ya kulijua hili: betri iliyojaa chaji haigandi mpaka baridi kali sana, ila iliyoisha chaji inaweza kuganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, na betri iliyoganda ukiiboost inaweza kulipuka usoni. Haikuwa imeganda. Akafunga nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya upande wa pili kwenye chanya ya pikapu, nyeusi kwenye hasi ya pikapu, na nyeusi ya mwisho akaishikiza kwenye chuma kitupu cha injini ya vani, mbali na betri, ili cheche isirukie gesi. Akaacha pikapu iungurume dakika kumi. Vani ikawaka. Kwenye video wanasikika wakishangilia kama timu imefunga goli la dakika ya 90.

Kama stori ingeishia hapo, shoo ingechelewa saa moja na nusu na tusingekuwa na la kuandika.

Kabla ya kwenda huko, kuna mtu mmoja kwenye zile komenti ambaye hakupewa heshima yake. Ni dereva wa lori, Mtanzania, anasema yupo Minnesota na anapandisha mizigo mpaka North Dakota. Kaandika aya ndefu ambayo watu waliijibu kwa "mzee fupisha". Wangeisoma. Kaeleza kwamba dizeli ya kawaida ikifika karibu nyuzi -10 inaanza kutoa nta, "inaganda kama mafuta ya nazi Makete mwezi wa sita", ikaziba chujio, lori likazima katikati ya barabara hata kama betri ni mpya. Ndiyo maana vituo vya kule vinauza dizeli iliyochanganywa kwa ajili ya baridi, na madereva wanatembea na chupa za dawa ya kuitia kwenye tanki kabla haijaganda, kwa sababu ikishaganda dawa hiyo haisaidii kitu. Kile kimiminika cha urea ambacho malori mapya yanakitumia kusafisha moshi kinaganda kwenye -11, mpaka tanki lake limewekewa hita. Breki za upepo nazo: unyevu ukibaki kwenye matanki ya hewa unaganda ndani ya mipira, kwa hiyo kumwaga maji ya matanki ni kazi ya kila siku. Yeye akilala barabarani hazimi joto la injini mpaka asubuhi. Kamalizia kwa kusema kwamba anayefanya biashara kwenye baridi ile bila kujua haya "anacheza na mali ya watu".

Mtu huyu analipwa kwa kufikisha makabichi. Makabichi yanafika. Promota anayelipwa kufikisha binadamu hakujua hata robo ya aliyoandika mwenzake.

Haya, turudi saa 2 usiku. Vani imewaka lakini vioo vyote vimeganda barafu kwa nje na ukungu wa pumzi kwa ndani, viti ni kama mawe. Msanii bado anavalishwa. Nyumba ina gereji. Si gereji ya mafundi, ni kile chumba cha kuegeshea gari kilichoungana na nyumba, chenye mlango mkubwa wa kupanda juu. Kwa siku mbili kilikuwa kimejaa maboksi ya fulana za kuuza kwenye shoo, ndiyo maana vani ililala nje. Promota akaamuru maboksi yatolewe, gari iingizwe, mlango ushushwe ili "joto lisitoke", injini iendelee kuunguruma, na madansa wakae ndani ya gari wapate moto wakati wakimsubiri bosi.

Wakakaa kama dakika 20. Mlango umefungwa. Injini inaunguruma.

Mtu aliyekulia Tanzania au Kenya hahitaji kufundishwa hili kwa Kizungu. Kila mwaka wa baridi, Njombe, Mbeya, Limuru, Nyahururu, tunasikia habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga madirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Gesi inayotoka kwenye ule mkaa na gesi inayotoka kwenye ekzosi ni ileile, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inashikamana na chembe nyekundu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na oksijeni inakosa pa kukaa. Injini iliyotoka kuwaka kwenye baridi kali ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapewa petroli nyingi na kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi bado ni cha baridi, hakijaanza kazi. Inaanza na kichwa kuuma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, akili kuvurugika. Na akili ikishavurugika, mtu hapati wazo la kutoka nje.

Sasa irudie ile video. Ile ya sekunde 20 iliyosambaa, dansa wa kike anatoka mlangoni akiyumba, anashika ukuta, anatapika kwenye theluji, na nyuma kuna sauti inacheka: "Baridi ya Canada si mchezo!" Mamia kwa maelfu ya watu wameiangalia hiyo. Imetengenezewa stika. Kurasa za udaku zimeandika kwamba alikuwa amekunywa.

Yeye mwenyewe kwenye laivu anasema hakuwa amekunywa chochote zaidi ya chai. Anasema kichwa kilianza kumuuma wakiwa kwenye gari, akadhani ni ile pafyumu ya DJ, akafungua mlango kwa sababu alitaka kutapika. Wenzake wawili nao walikuwa wanalalamika kichwa. Halafu akasema jambo ambalo watu waliokuwa wakiangalia walilipita wakimuuliza kuhusu ex wake: kwamba ndani ya nyumba, ukutani karibu na mlango wa gereji, kulikuwa na "kidude cheupe" kinalia pi-pi-pi-pi, na kijana mmoja wa promota alipanda kiti akakitoa betri kwa sababu kilikuwa kinawapigia kelele.

Kidude hicho hakikuwekwa pale kwa mapambo. Karibu na mlango wa gereji ndipo watu wanapoweka kengele ya kaboni monoksaidi, hasa kwa sababu ya mambo kama hayo. Kama ndiyo hiyo, basi nyumba iliwapigia kelele kwamba mnakufa, na mtu akainyamazisha.

Hakuna aliyepelekwa hospitali. Walipewa maji, wakapakiwa kwenye gari, madirisha yakafunguliwa kwa sababu dansa aliendelea kutapika, wakasimama njiani mara mbili. Ndivyo ilivyofika saa 6 na dakika 40. Yule dada akapanda jukwaani akacheza nyimbo tatu kati ya tano. Aliposhindwa kuendelea, mtu wa mbele akamzomea.

Wanaoona hii ni kukuza mambo wakumbuke Januari 2016, theluji kubwa ilipopiga pwani ya mashariki ya Marekani. Huko Passaic, New Jersey, mama kijana na mtoto wake wa mwaka mmoja walikufa wakiwa ndani ya gari iliyokuwa ikiunguruma, wanapata joto, wakati baba alikuwa palepale nje anachota theluji pembeni. Ekzosi ilikuwa imefunikwa na theluji. Gari haikuwa hata ndani ya chumba. Ilikuwa barabarani, hewa yote ya dunia inapita juu yake.

Na cha kusikitisha ni kwamba hakukuwa na haja. Gari ya kisasa ikishawaka haihitaji kuunguruma nusu saa. Dakika mbili tatu, wakati unakwangua barafu kwenye kioo, kisha unaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta sana. Injini inapata moto haraka ikitembea kuliko ikisimama. Kwenye -34 unaweza kuongeza dakika kadhaa ili kioo kionyeshe njia. Unazifanya nje. Gereji ikiwepo, kazi yake ni kulaza gari usiku ikiwa imezimwa. Chumba kilichoungana na nyumba, hata kama hakina hita, kinabaki na joto kuliko uwanjani. Maboksi ya fulana yangelala nje bila kudhurika. Fulana haina betri.

Siberia wanafanya vituko vyao, ni kweli. Yakutsk, ambako Januari -40 ni siku ya kawaida, kuna watu wanaacha magari yakiunguruma kutwa, wanayavisha mablanketi ya injini, wanabandika kioo cha pili juu ya kioo cha dirisha. Lakini yanaungurumia nje. Hata kule ambako baridi inaua kweli, hawafungii moshi ndani.

Upande wa msanii, hawezi kutoka msafi kabisa. Mkataba wake uliwahi kuvuja mwaka juzi na mji mzima ukausoma: gari nyeusi yenye vioo vya giza, maji ya chupa ya aina fulani, chumba chenye kioo kikubwa cha kujipodolea. Kuhusu madansa, mstari mmoja. Kuhusu usafiri kuwa wa uhakika, hakuna. Meneja aliyesaini shoo ya Januari kwenye nyanda za Canada alikuwa na wajibu wa kuuliza maswali mawili ya kijinga tu, gari italala wapi na nani anaiwasha. Halafu, msanii huyo alipofanya laivu ya kujitetea, dakika 40 nzima, alizungumzia heshima yake, mashabiki wake na maadui wake. Dansa aliyetapika kamtaja kwa sentensi moja, akicheka.

Lakini kumtukana yeye na kumwacha aliyeshusha mlango wa gereji ni kuonea. Msanii alikuwa ghorofani anavalishwa. Hajawahi kuishi kwenye theluji. Promota anaishi kule, kwa maneno yake mwenyewe, mwaka wa tisa. Anajisifu kila siku kwamba yeye ndiye "daraja la wasanii wetu kuja mbele". Mtu wa miaka tisa kwenye baridi ile kaona hita za injini, kaona kengele za gesi, kawasikia majirani. Wapo Wakongo waliofika Iowa na Maine miaka michache tu iliyopita, hawajawahi kuona barafu nje ya friji, na msimu wa kwanza wameshajifunza kubadilisha oili na kuchunguza betri kabla ya Novemba, kwa sababu wasipofika kiwandani saa 12 asubuhi wanakatwa. Hawana kurasa zenye tiki ya bluu. Wanaangaliana, anayejua anamfundisha asiyejua, mwenye nyaya za kuboost anajulikana mtaa mzima.

Jumatatu promota katangaza shoo nyingine, mwezi ujao, mkoa uleule, msanii mwingine, wa kike safari hii, na madansa sita. Bango ni kali, kuna gari nyeusi inang'aa na vipande vya theluji vimepambwa kama almasi. Chini yake shabiki mmoja aliuliza kama hiyo gari safari hii itachomekwa. Komenti ilikaa kama saa moja, ikafutwa. Yule dereva wa lori wa Minnesota akaiandika upya, neno kwa neno, akaongeza swali la pili: ile kengele ya ukutani imerudishiwa betri? Naye kafungiwa.